Utumbo wa mbuzi uliowaka bluu

Leo nimeaibika mbele ya profesa, na aliyeniaibisha ni mama mukubwa, dada ya mama yangu, ambaye hana kosa lolote.

Mnajua nilikuwa natafuta nafasi katika labo, yaani maabara, ya profesa huyu kule Lubumbashi. Alikuwa anapita Kasongo, akakubali kuja nyumbani kuona nilichogundua. Naam, niligundua (chekeni polepole). Utumbo wa mbuzi ukilowekwa kwenye kwinini, dawa ile chungu ya malaria, kisha ukaoshwa na kumulikwa gizani kwa taa ya kukagulia noti, msuli wake unawaka bluu. Dawa hiyo yenyewe huwaka bluu chini ya taa ile, basi nikasema: ndani ya msuli kuna protini inayoikamata dawa, na hakuna aliyewahi kuieleza. Wiki mbili sikulala vizuri kwa furaha.

Asubuhi nilinunua utumbo sokoni, nikauacha kwenye maji ya chumvi, nikapanda pikipiki kumfuata profesa. Niliporudi niliuona umekuwa mweupe na mgumu kidogo. Nikajiambia ni chumvi. (Miaka mitano ya chuo, jamani.) Nikakata kipande, nikakiloweka kwenye dawa, nikakiosha.

Tukaingia ghalani, mlango nusu wazi. Nikawasha taa. Bluu safi! Profesa akainama kuangalia, nami nikaanza kufundisha bila kuulizwa. Nikaeleza kwamba protini huikamata dawa kwa umbo lake, na kwamba moto huliharibu umbo hilo, kama yai likichemshwa lisivyorudi kuwa bichi.

"Huu ungechemshwa," nikasema kwa kujiamini, "usingeshika hata tone."

Mama mukubwa alikuwa mlangoni na maji ya mgeni. Akaniangalia kwa huruma.

"Lakini mwanangu, ile matumbo nilishaichemsha. Ilikuwa inanuka, na mugeni anakuja."

Profesa akamuuliza kwa upole utumbo ulikaa motoni muda gani. Akajibu: mpaka ukakakamaa. Kwao, upande wa Wamaza, kumwekea mgeni utumbo wenye harufu ni kuitukana nyumba nzima. Hata sasa siwezi kumkasirikia.

Nikajaribu kusema labda ni protini inayostahimili moto. Profesa hakunibishia. Aliomba kipande kilichobaki jikoni, kile ambacho hakijagusana na dawa kabisa, akakimulika mwenyewe.

Kikawaka bluu vilevile.

Basi hakuna protini wala ugunduzi. Nyama yenyewe ndiyo inawaka, na pengine imewaka hivyo tangu mbuzi waumbwe. Kumulika kipande kisicho na dawa ni jambo la dakika moja. Sikulifanya kwa sababu niliupenda ule mwanga, nikaogopa kuuuliza swali. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya aibu yenyewe.

Nikauliza habari ya nafasi. Profesa akasema angempa mama mukubwa, maana ndiye aliyefanya jaribio lililokuwa linahitajika. Mama mukubwa akashukuru kwa heshima zote, akasema hawezi kuhamia Lubumbashi, mihogo yake iko shambani.

Kwa hiyo nipo Kasongo, sihami. Mwenye kucheka acheke kimyakimya, maana mama mukubwa yuko jikoni anauliza kama mgeni aliridhika, na nimemwambia ndiyo.