Tone la Pili Juu ya Kiti Changu

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na, zaidi ya yote, mkavu. Mimi ni karani mstaafu wa masjala. Kwa miaka thelathini na moja nilipokea malalamiko ya watu wengine, nikayagonga mhuri na kuyahifadhi, na katika muda wote huo sikuwahi kuandika la kwangu hata moja. Hili ndilo la kwanza. Naomba lipewe namba ya jalada.

Linahusu makala mliyoichapisha Jumamosi mbili zilizopita kwenye ukurasa wa mambo ya nyumbani, yenye kichwa "Paa Linapovuja: Mambo ya Kufanya Kabla Fundi Hajafika". Makala hiyo imeingia nyumbani kwangu na kufanya uharibifu ambao mvua yenyewe haikuufanya.

Ili unielewe vizuri, sina budi kuanza na tone la kwanza. Miaka minane iliyopita mdogo wangu wa tumbo moja, fundi wa paa ambaye mtaa mzima humwita Msumari kwa sababu ya kazi yake na wembamba wake, aliniezekea nyumba hii kwa mabati ya kijani. Alimaliza Ijumaa mchana. Jioni ile ile mimi mwenyewe nilipanda juu nikasimika mlingoti wa antena kwa misumari minne, na mpaka leo haujayumba. Nalitaja hili ili ijulikane kwamba kwetu wapo wanaojua kugongelea kitu kikakaa. Jumapili yake, ndugu wote tukiwa mezani, mvua ilinyesha na tone moja likaanguka kwenye sahani yangu. Nikamwambia mdogo wangu, mbele ya dada yetu, wake zetu na watoto, kwamba hii ni kazi ya kulipua. Alinawa mikono, akabeba ngazi yake, akaondoka, na tangu siku hiyo hajaketi tena mezani kwangu.

Shida ikawa kwamba paa halikuvuja tena. Kwa miaka minane zimenyesha mvua za kila namna, za upepo na za mawe, na dari langu likakaa kavu kabisa. Watu wakaanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Dada yetu alifika mahali pa kuniuliza, kwa upole wote, kama lile tone halikuwa mchuzi. Sikuwa na la kufanya ila kulisubiri tone la pili, nalo likaja Jumatatu, siku kumi na moja zilizopita, saa saba na dakika kumi mchana, mahali pale pale, juu ya kiti changu. Sitakuficha, Ndugu Mhariri, nilifurahi. Mke wangu hakufurahi wala hakushangaa. Alitazama dari, akampigia Msumari simu, wakaongea kwa sauti ya chini, kisha akaniambia anakuja, nimpe muda. Halafu akaenda kutafuta gazeti lenu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmeandika "kabla fundi hajafika" bila kusema ni kabla kwa muda gani. Nilidhani mnazungumzia saa mbili, au tuseme mpaka jioni. Leo ni siku ya kumi na moja. Mtu akiweka ndoo kwa saa mbili, hiyo ni tahadhari. Akiiweka kwa siku kumi na moja, ndoo imekuwa mwanafamilia. Wajukuu zangu wameshaipa jina, na jina lenyewe ni langu.

2. Mmeshauri ndani ya ndoo kuwekwe kitambaa ili tone lisipige kelele. Ndugu Mhariri, sauti hiyo nimeisubiri miaka minane. Mke wangu aliweka kitambaa ndani ya dakika kumi. Nikakitoa. Akakirudisha. Nimekitoa mara ishirini na sita, zote nimeziandika kwenye daftari, na kila mara hukirudisha huku akiimba puani.

3. Mmeshauri vitu vyote vihamishiwe upande mkavu. Je, mliwahi kufikiria kwamba vitu vinaweza kuwa na sababu ya kukaa vilipo? Tone linaangukia kiti changu, kiti cha mwenye nyumba. Nikikihama na fundi akafika akanikuta nimekaa pakavu, atasema kuna tatizo gani. Kwa hiyo nimebaki. Ninakula nikiwa nimeshika kijiko kwa mkono wa kulia na mwavuli kwa wa kushoto. Mke wangu anasema nihamie kiti cha upande wa pili, kilicho kikavu kabisa. Kiti hicho ni cha Msumari. Hakijakaliwa na mtu tangu Jumapili ile, na mimi sitakuwa wa kwanza.

4. Mmeshauri, na hapa naomba usome ukiwa umeketi, kwamba dari likivimba kwa maji litobolewe kitundu ili maji yatokee sehemu moja. Mpaka siku ya tatu doa langu lilikuwa limefikia ukubwa wa sinia. Nilikuwa nachora ukingo wake kwa penseli kila asubuhi, pamoja na tarehe na saa, kama nyinyi wenyewe mlivyoelekeza katika aya ya nne, na kwa aya hiyo nawashukuru, ndiyo pekee iliyoandikwa na mtu mwenye akili ya masjala. Siku ya nne nilikwenda kuoga. Niliporudi nilimkuta mke wangu juu ya stuli, sindano ya kufumia mkononi, na maji yanatiririka ndani ya ndoo kwa adabu. Tangu hapo doa halijakua hata kwa unene wa kucha. Kielelezo kimedumaa.

5. Mmeshauri picha zipigwe. Nilipiga sitini na nne. Nilizituma zote kwenye kundi letu la familia la simu nikiwa na nia moja tu, kwamba mhusika azione. Dada yetu alijibu kwa vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Binamu akaomba ile ya mwavuli aiweke kwenye wasifu wake. Msumari aliziona zote, alama zinaonyesha ameziona, na hakuandika neno. Hamkueleza mahali popote mtu afanye nini picha zikishaonwa na hazikujibiwa.

6. Katika aya ya sita mmeandika kwamba mwenye nyumba akague kama kuna "kitu kilichotoboa paa baada ya kuezekwa, kwa mfano mlingoti wa antena". Huu ni uchokozi. Kumtuhumu mlingoti ambaye hana kosa lolote na amesimama wima miaka minane ni kumpa fundi mzembe mlango wa kutokea. Isitoshe, mstari huo ulinifikia ukiwa umepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Mke wangu alilikunja gazeti hapo hapo na kuliacha juu ya kiti changu. Lililowa, nikalianika, likawa juu ya kiti tena. Sijui amekusudia nini na sikumuuliza.

7. Mmeshauri turubai. Jirani yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi alisoma ushauri wenu akaja na turubai lake begani, bila kuitwa, kwa moyo safi. Nilimrudisha. Ingekuwaje fundi afike akute pakavu? Na hapa ndipo makala yenu ilipotufikisha. Siku ya nane na ya tisa mvua ilikata kabisa, jua likawaka, na tone likaanza kupungua mbele ya macho yangu. Nilikwenda kwa jirani yule yule nikaazima mpira wa kumwagilia. Kwa siku mbili nimelimwagia paa langu maji, dakika arobaini asubuhi na arobaini jioni, ili lisije likaacha kuvuja. Wapita njia waliniuliza kama naliosha. Niliwaambia ndiyo. Mimi sijawahi kusema uongo kazini, Ndugu Mhariri, na nimeusema nikiwa nimestaafu, mpira mkononi, kwa sababu yenu.

Kwa kuzingatia hayo, naomba mambo matatu. Kwanza, mniombe radhi. Pili, mchapishe makala nyingine yenye kichwa "Jinsi ya Kulitunza Tone Mpaka Mhusika Afike", na nipo tayari kutoa daftari langu na picha zote sitini na nne bila kudai chochote. Tatu, na hili ndilo kubwa, makala hiyo iwekwe ukurasa wa nyuma, pembeni mwa chemshabongo. Mdogo wangu tangu utotoni husoma gazeti akianzia nyuma. Nilikuwa namgombeza kwa hilo, tukiwa tunalala kitanda kimoja na gazeti ni moja.

Nisieleweke vibaya. Sitaki airudie kazi, sitaki anifidie. Ninachotaka ni aje, akae kwenye kiti chake, atazame juu, aseme, "Kweli, kaka, linavuja." Akishasema hivyo nitanyamaza. Nimechoka kula nikitazamana na kiti kitupu, na kama angenikubalia hata kwa nusu kwamba nilikuwa sahihi, ningeshamsamehe tangu mwaka wa kwanza.

Nisalimie wahariri wote wa chumba cha habari, mpiga picha, mwandishi wa makala hiyo (salamu zake ziwe fupi), mtunzi wa chemshabongo, anayepanga matangazo ya vifo na mlinzi wa getini kwenu. Mke wangu naye anakusalimu. Amesema nikuambie makala ilikuwa nzuri sana.

Wako anayelowa kwa subira,
Karani Mstaafu wa Masjala,
nyumba ya mabati ya kijani, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi.

Nyongeza: Leo ni Jumamosi asubuhi. Nilikuwa natafuta bahasha, Msumari akafika.

Amekuja na magongo. Mguu wake wa kushoto umefungwa plasta kuanzia vidoleni hadi gotini. Alianguka kwenye paa la mtu mwingine wiki moja kabla mvua hazijaanza, na alimwambia mke wangu peke yake, akimsihi asinieleze, kwa kuwa ningesema hata kuanguka ameanguka kwa kulipua. Nimejaribu kukataa kwamba ningesema hivyo. Nimeshindwa.

Hakuweza kupanda. Alisimama chini, akaikamata ngazi kwa mkono mmoja na gongo kwa mwingine, akaniambia nipande mwenyewe nikaangalie chini ya mlingoti. Nikapanda. Misumari yangu minne ipo. Nimeigongelea yote kwenye bonde la bati, panapopita maji, wakati kila msumari wa mdogo wangu, kutoka ukingo mmoja wa paa hadi mwingine, umepigwa juu ya mgongo wa bati, panapokaa pakavu. Kuizunguka misumari yangu kuna lami, tabaka juu ya tabaka, iliyopasuka kwa jua. Nikamuuliza kwa kuinama ukingoni haya ni nini.

"Ziko nane, kaka," akasema. "Ya mwaka huu ndiyo haipo."

Ya kwanza aliipaka Jumatatu, siku moja baada ya ile Jumapili. Nyingine kila mwaka kabla ya mvua, siku nilipokuwa kazini, na tangu nistaafu, siku ya uhakiki wa wastaafu, ambayo hunichukua kwenye foleni kutoka asubuhi mpaka jioni. Mke wangu alikuwa akimtengenezea chai. Aliinywa jikoni, akiwa amesimama, kwa sababu hakutaka kukaa mezani bila mimi kujua.

Nilikaa juu ya bati muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji. Kisha nikapaka ya tisa, yeye akinielekeza kutoka chini. Nikamwambia nilikosea, tangu siku ile mpaka leo. Akasema nimesahau upande wa kushoto.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, nayafuta malalamiko yote saba, na la sita naomba ligeuzwe kuwa shukrani. Mlingoti nimeshaanza kuulegeza. Msumari yuko mezani, kwenye kiti chake, mguu ameuweka juu ya ndoo iliyopinduliwa. Barua hii ameisoma, kwa kuanzia mwisho, na amecheka alipofika kwenye mpira wa kumwagilia. Hajausoma mstari huu, ambao nauandika nikiwa nimemgeuzia mgongo.

Anasema lami ikipakwa vizuri haihitaji kutazamwa mpaka mwakani. Naomba Jumamosi ijayo mchapishe, pembeni mwa chemshabongo, kwamba wataalamu wenu wamebaini lami mpya lazima ikaguliwe na fundi kila Jumapili, saa ya chakula cha mchana. Mnachoandika nyinyi, yeye hukiamini.