Utepe Juu ya Karata

Jumapili, 10 Agosti 2025

Nimetolewa tena! Mashindano ya poka ya mtandaoni ya mchana, na chai yangu haijapoa. Aliyenitoa ni yule yule anayejiita Bamia. Hana sura, ana picha ya bamia tu. Mtu mzima kujipa jina la mboga ya kuteleza! Na uchezaji wake ndio huo huo. Anatupa karata bila kucheza, anatupa tena, anatupa tena, kama anayechagua mawe kwenye mchele. Siku akiingia, anaondoka na sarafu za meza nzima. Huo si mchezo, ni uvivu.

Niandike wazi: mimi, Keyur mwana wa Shantilal, si mchezaji mbaya. Nina mkosi. Mchezaji mbaya hufungwa kwa sababu yeye hajui kucheza. Mimi hufungwa kwa sababu wenzangu hawajui. Nikitishia kwa karata mbovu, mwenye akili angekimbia. Hawa hawakimbii! Mjinga utamdanganyaje, na hana akili ya kudanganyika?

Dawa ni moja. Kesho nahamia mashindano ya daraja la juu, kwa watu wenye akili.

Jioni, Mama alitukumbusha kuwa Jumamosi ni Aatham, siku ya kuzaliwa Krishna, na ukoo mzima utakuja kwetu kucheza karata kama kila mwaka. Siku hiyo atasema nani aketi kwenye kiti cha Baba. Kiti kiko kwenye duka letu la vifaa vya ujenzi hapa Malindi, nyuma ya kaunta, chini ya feni. Tangu Baba afariki mwaka jana hakikaliwi, isipokuwa na paka. Tunaokitaka ni wawili. Mimi, mzaliwa wa kwanza. Na dada yangu Nidhi, ambaye kazi yake ni kufungua duka, kuagiza mabati, kuzungumza na mafundi na kufunga duka. Ukiondoa hayo hafanyi lolote.

Nikaona nimalize ubishi. Nikamwambia Mama kuwa Jumamosi hiyo hiyo alasiri kuna mashindano makubwa ya mwezi. Nikifika meza ya mwisho, kiti changu. Nisipofika, mpe Nidhi. Mama akaniuliza kama nina hakika. Nikasema hakika kabisa. Akasema haya, kwa wepesi ambao sikuupenda.

Jumatatu, 11 Agosti

Daraja la juu halifai. Watu wa huko wana akili kupita kiasi, hawamwamini mtu. Nimetoka kabla sijazoea rangi ya meza.

Nimemsikiliza mwalimu mmoja wa poka kwenye mtandao. Anasema ukifungwa mfululizo, pumzika, halafu pitia makosa yako moja moja. Nimepumzika. Nimepitia. Sikuyaona. Mwalimu gani huyu?

Halafu, nikiwa naoga, nikamkumbuka Baba! Aatham zote za utotoni alicheza nasi ule mchezo wetu wa karata tatu, na daima alicheza upofu. Yaani karata zake anazilaza kifudifudi, hazitazami, anatafuna shamari na kutabasamu. Katika mchezo wetu asiyetazama hulipa nusu ya anayetazama. Ni heshima na ni nafuu. Mimi mkononi nina karata nzuri, na bado natetemeka mbele ya mzee asiyejua ana nini! Ni kweli nilimshinda kila mwaka, lakini mimi nilikuwa mtoto mwenye kipaji. Watu wa kawaida wangefanya nini?

Basi ndiyo silaha yangu. Nitacheza poka kwa upofu. Nimechukua utepe wa karatasi, ule wa mafundi wa rangi, nikaubandika kwenye simu pale zinapotokea karata zangu. Garama, mfanyakazi wetu, akaniuliza kama kwenye poka pia asiyetazama hulipa nusu. Nikamwambia saruji haijajipanga yenyewe. Mtu ambaye kila wikendi anatabiri matokeo ya mpira na kukosea, ananiuliza mimi hesabu!

Jumatano, 13 Agosti

Utepe unafanya kazi! Leo nimeweka sarafu zangu zote bila kujua nina nini, na wote wakakimbia. Utulivu wangu umewatisha. Nikaweka zote tena. Wakakimbia tena. Mara ya tatu Bamia hakukimbia. Lakini kwa kitambo kile nilikuwa Baba halisi.

Kisirani kidogo dukani. Mzee Mwaro alikuja kutoka Magarini kukatiwa mabati ya paa la jikoni. Alinitajia vipimo. Nilikuwa katikati ya mchezo, nikavisikia kwa sikio moja. Mchana amerudi na gari la kukodi, anasema paa linaishia kabla ya ukuta. Nikamshauri asogeze ukuta. Nidhi akatoka mbio, shikamoo baba, tuwie radhi baba, kaa kitako baba, soda hii hapa. Akampa mabati mapya. Kujipendekeza huko! Mzee akaondoka anamwombea Nidhi dua, mimi hata hakuniaga. Na Mama alikuwa amesimama mlangoni muda wote, na ile tableti yake kwapani.

Hiyo tableti aliletewa na ndugu yetu Chirag kutoka Nairobi ili asikilize nyimbo za ibada. Siku hizi haiachi. Anaibonyeza kwa kidole kimoja, haraka haraka, kama anayejaribu pasi kama imepata moto. Ibada imemkolea, masikini.

Chakula cha jioni kilikuwa bamia. Hata mezani kwetu!

Alhamisi, 14 Agosti

Nimemtambua Bamia ni nani. Ni Umair wa duka la rangi la ng'ambo ya barabara! Kutwa kainamia simu, anacheka peke yake. Nimemtuma Garama akapeleleze, ajifanye anaulizia rangi ya mbao. Amerudi na taarifa kuwa Umair alikuwa anatazama video ya mbuzi anayeogopa kivuli chake. Garama naye kabaki huko kuitazama hadi mwisho. Basi si Umair. Isitoshe Bamia amemzidi Umair akili kidogo. Nasema kidogo tu.

Nyumbani hakukaliki. Kesho ni Saatam, siku tusiyowasha jiko, kwa hiyo leo ndiyo siku ya kupika kila kitu. Mama na Nidhi wamekaanga tangu asubuhi. Alasiri Mama akaenda kujinyoosha chumbani na tableti yake. Mimi nikajifungia sebuleni na mashindano yangu. Intaneti ya nyumba ikawa nzito, nikajua wapo wanaoimaliza kwa upuuzi. Nikachomoa waya wa ule mtambo wa intaneti ukutani, nikatumia bando la simu yangu.

Hapo ndipo pakatokea jambo la ajabu. Dakika ile ile niliyochomoa waya, Bamia aliganda! Zamu yake inafika, hachezi. Inafika tena, hachezi. Nikamvuna sarafu taratibu, raha iliyoje! Kisha Mama akapiga kelele kutoka chumbani, nani kanikatia nyimbo zangu? Kwa ajili ya amani nikarudisha waya. Papo hapo Bamia akazinduka, na kwa hasira za ajabu. Nikatolewa kabla sijakaa vizuri.

Nimelifikiria sana tukio hili. Maana yake ni moja tu. Bamia ananiogopa, na woga humgandisha.

Ijumaa, 15 Agosti

Saatam. Jiko baridi, chapati za uwatu baridi, viazi baridi, na Nidhi ananitazama kwa macho baridi.

Leo nimeshughulikia mkosi wenyewe. Milango ya maduka yetu tunaitundikia ndimu na pilipili mbichi kuzuia kijicho. Nikajiuliza, mlango wangu halisi ni upi? Simu! Nikafunga ndimu na pilipili kwa uzi, nikazining'iniza kwenye simu. Katikati ya mchezo ndimu, ambayo uzi uliitoboa, ikadondosha maji kwenye kioo, na maji yakabonyeza pale pa kuweka zote. Nikashinda! Ndiyo mara pekee wiki hii niliyomshinda mtu asiyekimbia. Garama akasema basi aachiwe ndimu acheze. Kwa dharau hii ndipo tulipofika.

Pilipili nayo nikaisahau vidoleni, nikajifuta macho. Kwa alasiri nzima nilicheza upofu bila haja ya utepe.

Mama alipokuwa akininawisha macho akaanza kunipa mawaidha ambayo sikumwomba. Eti mtu akifungwa mfululizo asikimbilie kurudisha kilichopotea. Atupe karata nyingi, angoje, asione haya kungoja. Na kwanza kabisa atazame karata alizopewa. Nilimsikiliza kwa adabu, maana ni mama yangu. Lakini huyu ni mtu anayeniita mimi nimwongezee sauti ya simu! Atajua nini kuhusu poka?

Jumamosi, 16 Agosti

Aatham. Naandika nikiwa nimejifungia bafuni, kwa sababu sebule imejaa jamaa na sina sura ya kuwaonyesha.

Nilianza vizuri mno. Utepe mpya. Shamari mdomoni kama Baba. Jamaa wakicheza karata kwenye mkeka, Mama kwenye bembea yake na tableti, mimi pembeni. Sijui ni rehema gani, lakini wachezaji wakaanza kudondoka kila upande, na mimi nimo tu. Tukabaki kumi. Meza ya mwisho hukaa watu tisa. Yaani atoke mmoja tu, yeyote, na kiti cha Baba kiwe changu!

Na mmoja alikuwepo, hoi, amebakiwa na sarafu za zamu moja. Nilichotakiwa ni kutupa karata na kungoja. Nidhi mwenyewe alikuja akanichungulia begani, akakiri kwa unyonge kuwa nimeshafika.

Lakini nitupe nini? Utepe uko pale. Nikitupa bila kujua ninachokitupa, si ujinga huo? Na aliyekuwa ameingia mchezoni ni Bamia. Bamia aniogopaye! Nikamwona Baba kabisa, karata kifudifudi, tabasamu, shamari. Nikaweka zote.

Bamia hakukimbia.

Nikabandua utepe. Mbili na saba, rangi mbalimbali. Hakuna karata mbovu kuliko hizo duniani. Bamia alikuwa na ree mbili, hakuna nzuri kuliko hizo. Wa kumi! Nimetoka wa kumi!

Sijafungua kinywa, Mama kwenye bembea akasema pole mwanangu. Nikadhani ni moyo wa mama, unajua bila kuambiwa. Akaendelea kubonyeza kwa kidole chake. Baadaye jamaa wakaanza kumzunguka, kisha kumpigia makofi. Nidhi akaichukua tableti, akanigeuzia. Mshindi wa mashindano. Picha ya bamia.

Nilimuuliza Mama tangu lini. Akasema tangu matanga ya Baba yaishe, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno.

Halafu akatangaza kuwa kiti ni cha Nidhi, kama nilivyotaka mwenyewe. Niliumia. Niandike tu, maana haya hayasomwi na mtu. Nilitaka kile kiti. Kina alama za viwiko vya Baba kwenye mikono yake, na nilitaka viwiko vyangu viwe pale. Nikapaza sauti mbele ya watu wote, nikasema nimecheza kama Baba alivyonifundisha, na mwenye kumcheka Keyur anamcheka Shantilal.

Mama akaisimamisha bembea kwa mguu. Akasema kwa upole kuwa Baba hakuwahi kucheza upofu na mtu mzima hata mara moja. Alicheza hivyo na sisi watoto tu, ili tushinde.

Ndipo nikaja bafuni.

Jumanne, 19 Agosti

Gede. Nimepewa kile kiduka chetu cha misumari karibu na stendi. Feni hakuna. Kiti ni cha plastiki na mguu mmoja una wasiwasi. Mama anasema huku wateja ni wachache, nitajifunza kungoja. Amejitolea kunifundisha poka kila Jumapili. Nimemkatalia kwa heshima. Bahati ya mara moja, mtu anataka kuwa mwalimu!

Nidhi amenipigia simu asubuhi kuniuliza nimeamkaje. Nyuma yake nilisikia feni. Nikasema hapa pana upepo wa kutosha.

Nimepata nafasi ya kutafakari, na nimeona kosa langu. Kwanza, kuhusu Baba, Mama ni mzee na kumbukumbu zimeanza kumponyoka. Mimi nilikuwepo kwenye ule mkeka. Nilimshinda Baba kwa kipaji, na yeye alikasirika kidogo, namkumbuka vizuri, alikuwa anacheka hadi machozi kwa hasira.

Pili, utepe ulikuwa mwembamba. Karatasi ile hupitisha mwanga. Lazima jicho langu liliiona ile mbili bila mimi kujua, na moyo ukayumba, na Mama, kwa kuwa ni mama, akauhisi. Sikucheza upofu kamili. Baba hakuwahi kuchungulia!

Nimeagiza kutoka Malindi utepe mweusi wa mafundi umeme, ule mpana kuliko wote. Umefika mchana huu na Garama, ambaye anadai Nidhi amecheka alipoandika agizo. Acheke. Nimebandika safu mbili, na nyingine ya ziada ya usalama.

Mashindano ya alasiri yameanza. Kuna mteja mlangoni anauliza bawaba, asubiri. Shamari mdomoni. Sioni kitu kabisa.

Nimeweka zote.