Bugi la Bungoma, Nikiwa Nyuma ya Spika

Jumatatu, 1 Agosti 1988. Kitale.

Mvua. Mteja mmoja tu studio, na huyo alikuja kuuliza njia ya posta. Mchana vijana wakabandika tangazo kwenye ukuta wa Gikonyo, mpiga picha mwenzangu ng'ambo ya barabara. Bendi ya roki kutoka Nairobi. Bugi la mchana, dansi la vijana, Jumamosi, Bungoma. Magita ya umeme, spika kubwa kama kabati. Kwa nini ukuta wake na si wangu, sijui.

Jioni mke wangu Jelimo akasema anataka kwenda. Alisema hivyo tu, akiendelea kusonga ugali. Tangu tuoane hajaomba kitu ila mfereji wa paa, na huo bado. Akiwa msichana huko Endebess alisikiliza gita kwenye redio ya kaka yake mpaka betri zikaisha. Hajawahi kumwona mtu akilipiga. Mimi pia sijawahi, ila sikumwambia. Nilisema nitapanga.

Jumanne, 2 Agosti.

Mpango uko tayari. Kununua tiketi ni kukosa akili. Nitaingia kama mpiga picha rasmi wa bendi, Jelimo akiwa msaidizi wa kubeba taa. Nimekata kadi kutoka kwenye boksi la viatu, nikaandika RASMI kwa wino mwekundu na kubandika picha yangu. Ile nzuri, ya kabla nywele hazijaanza kunihama.

Jumatano, 3 Agosti.

Gikonyo amevuka barabara. Ati alinunua tiketi mbili, yake na ya dada yake, na dada hatakuja tena. Anampa Jelimo hiyo ya pili, kama jirani. Nikamshukuru, nikamwambia sisi tumealikwa na bendi yenyewe. Akaniangalia kwa huruma. Sipendi huruma ya mtu mwenye kamera mpya.

Nikamsimulia Jelimo ili tucheke pamoja. Hakucheka. Alitoka kwenda kuomba chumvi kwa jirani. Akarudi bila chumvi.

Ijumaa, 5 Agosti.

Mtu wa roki huvaa koti la ngozi. Mimi nina lile la studio, la wateja kuvaa wakipigwa picha. Si ngozi hasa, na viwiko vimebambuka. Nimelipaka rangi ya viatu, nyeusi, mara mbili. Linang'aa. Linanuka pia. Jelimo amelitoa nje.

Jumapili, 7 Agosti.

Jana sikuandika. Mikono ilikataa. Leo nitajaribu.

Langoni palikuwa na askari mnene mwenye rungu. Alisoma kadi yangu mbele na nyuma, akauliza mimi ni rasmi wa nani. Nikasema wa serikali. Sijui kwa nini. Neno lilitoka lenyewe.

"Selikali?" akasema. "Balua iko wapi?"

Foleni nzima ikarudi hatua nyuma. Siku hizi mtu hataji serikali ovyo. Nikasema nilikuwa natania. Akachukua kadi, akachukua na kamera, ati nitaipata bugi likiisha. Nikageuka kumwambia Jelimo tutafute njia nyingine. Alikuwa ameshaingia. Alitoa tiketi kwenye mkoba akapita, kisha akanitazama mara moja kutoka ndani. Ilikuwa tiketi ya Gikonyo. Kumbe hiyo ndiyo chumvi.

Nikazunguka nyuma ya uwanja. Huko fundi wa mitambo wa bendi, Sharif, alikuwa akipigana na turubai la kufunika jenereta, na mvua inaanza. Nikamwambia mimi ni fundi wa umeme. Hakuuliza hata jina. Akanipa kamba ya turubai, akasema nishike kidogo tu. Nikiachia, maji yataingia na muziki utakufa. Kisha akaenda.

Kidogo hicho kilikuwa bugi lote.

Gita la kwanza lilipolia nilidhani jenereta imelipuka. Sauti haikupitia masikioni. Ilipitia magotini, ikapanda, ikakaa kifuani kama mtu mwingine anayepumua humo. Nilitaka kukimbia na nilitaka isiishe. Kuona, niliona mgongo wa mpiga dramu. Na katikati ya spika mbili, kipande cha watu.

Kwenye kipande hicho alikuwa Jelimo. Amevua viatu, ameshika mkononi, anaruka kwenye matope, macho amefumba. Anacheka. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilimwona akicheka hivyo. Hatua chache tu ningekuwa kando yake. Lakini kamba. Nikashika. Rangi ya viatu ya lile koti ikinitiririka shingoni, vidole vikifa ganzi, nikashika.

Mwishowe bendi ikanyamaza na Sharif akaja kuchukua kamba yake. Hakukumbuka mimi ni nani. Jelimo akanikuta hapo.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Nilikuwa nakutafuta," akasema. "Nilitaka tuone pamoja."

Akanipangusa shingo na leso yake. Tukaenda kudai kamera.

Jumanne, 9 Agosti.

Sikio la kushoto bado linapiga filimbi. Gikonyo amesafisha picha zake. Moja ameitundika dirishani, kubwa: Jelimo hewani, viatu mkononi. Nilivuka kwenda kugomba. Akasema aliomba ruhusa, na mwenyewe alikubali kwa furaha. Sasa watu wanapanga foleni kwake, wote wanataka kupigwa wakiruka.

Ni picha nzuri. Nimeitazama kutoka ng'ambo mpaka macho yameuma.

Alhamisi, 11 Agosti.

Habari njema. Kachibora kutakuwa na mkutano wa injili, wa gita na spika. Mzee wa kanisa, Kipkemboi, alipita studio, nikamweleza kwamba bendi ya Nairobi ilinifunza mitambo. Amefurahi sana. Umeme wote ni wangu.

Jelimo ameuliza taratibu kama hatuwezi kwenda tu, tukae, tusikilize. Ati atanishikia nafasi kando yake. Nimemwambia asijisumbue, fundi mkuu hakai chini.

Kesho natafuta mtu wa kuniazima kitabu cha umeme.