Fundi Saa Ajifunza Kutulia

Jumatatu, 3 Machi
Nimechoka. Wiki ya pili sasa mke wangu yuko kwa kaka yake. Sharti lake: nihudhurie kozi ya kutuliza akili pale zahanati, Jumamosi aje tuzungumze. Akikuta bado nafoka na sisikilizi, harudi tena. Miaka kumi na tisa ya ndoa inategemea kukaa mkekani nimefumba macho!

Mkufunzi ni nesi mstaafu. Anasema ubongo una sehemu inayopiga kelele za hatari hata pasipo hatari, na mazoezi huizoesha kupoa. Unahesabu pumzi, akili ikitoroka, unairudisha bila kuigombeza. Yangu ilitoroka kwenye pumzi ya tatu. Niliigombeza.

Shemeji, huyo huyo kaka mtu, naye kajiandikisha. Eti kwa afya yake. Mpelelezi!

Jumanne, 4 Machi
Tumepewa fomu ya kujaza kila siku: umekaa dakika ngapi, umehisi nini. Dukani huwa naandika "tayari" kwenye kadi ya saa kabla sijaifungua, na nyingi hutengenezeka. Basi nimejaza wiki nzima leo leo. Ijumaa nimehisi amani tele. Nimelala mapema.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Mkufunzi kakusanya fomu leo. Akaniuliza kwa upole amani ya kesho nimeipataje. Darasa zima likaangua kicheko, na shemeji ndiye aliyenyamaza mwisho. Nikafoka. Mkufunzi akasema vizuri, sasa nitazame hasira yangu imekaa wapi. Nikamwambia imekaa mkeka wa pili, imevaa soksi za kijani.

Jioni nimekula mkate mkavu nimesimama. Nyumba imepoa mno. Nimemkumbuka mke wangu, sina la kuficha.

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji kajigamba kafika pumzi sitini bila kupoteza hesabu. Hanishindi huyu! Nimefanya mazoezi dukani kutwa. Wateja watatu wameongea, wakachoka, wakaondoka. Maendeleo.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu alikuja saa kumi. Akakaa kwenye kiti chake, akaanza kusema taratibu jambo linalotuhusu sisi wawili. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikafumba macho. Moja, mbili, tatu... Sikufoka hata mara moja! Kila sauti yake ilipoingilia hesabu, niliirudisha akili kwenye pumzi, kama tulivyofundishwa.

Alipomaliza akaniuliza nasemaje. Nikamwambia nasema nimetulia. Akaaga vizuri tu, akatoka.

Shemeji, aliyekuwa akingoja nje, kanijia mbio. Anasema mizigo yote ya dada yake ilikuwa garini, alikuja arudi nyumbani, alitaka nimjibu neno moja tu.

Sijui lipi. Lakini nimefika pumzi mia mbili na kumi! Shemeji sitini! Natamani mke wangu angekuwepo nimsimulie.