Anatafutwa Mtu wa Kushika Mkia

Jumatatu, 8 Septemba

Wa mwisho tena! Magari kumi na manne, mimi wa kumi na nne. Yule wa kumi na tatu alipasukiwa na gurudumu, akasimama, akalibadilisha, akafunga nati zote, na bado akamaliza kabla yangu.

Shajara, wewe hukuwepo, kwa hiyo nakueleza. Kuna Jumamosi ambazo watu wa kawaida kama mimi, mtunza stoo wa kiwanda cha sabuni hapa Baba Dogo, Nairobi, hupeleka magari yao kwenye uwanja wa mbio kule Athi River. Unazunguka, unapimwa muda, unarudi nyumbani. Hakuna kikombe. Kuna karatasi ya matokeo tu. Mimi hupeleka Malkia: milango miwili, mwekundu sehemu nyingi, pua ndefu, na umri unaoizidi ndoa yangu kwa miaka saba.

Matheka, jirani wa ghorofa ya juu, alikuwa wa nne. Leo asubuhi nimekuta amebandika karatasi ya matokeo kwenye lango la ploti, kando ya tangazo la maji. Ploti nzima imesoma. Mke wangu Nduta amesoma mara mbili.

Nduta anauza mapazia soko la Muthurwa. Miaka mitatu sasa anasema gari la milango miwili ni gari la mtu asiye na ndugu. Leo ameacha kusema, ametoa masharti. Tarehe ishirini nitakwenda tena uwanjani. Nikimshinda mtu, hata mmoja, hata mgonjwa, atanyamaza mpaka Krismasi. Nikishika mkia, Malkia anaondoka na tunaleta gari la kubeba mapazia. Tumepeana mikono, mama mkwe akiwa shahidi kwenye simu.

Siwezi kumpoteza Malkia. Nilimpata nikiwa bado na nywele, na sasa ni yeye tu anayezikumbuka.

Jumanne, 9 Septemba

Kwa Owen, fundi wangu wa Kariobangi. Amefungua boneti, amesikiliza injini, amesema injini haina neno. Shida ni uzito. Basi tutoe uzito! Tumeng'oa viti vya nyuma. Tumetoa spea, jeki, redio, mazulia. Tumetoa hata kile kisanduku cha dashibodi, pamoja na makaratasi yake yote ndani. Nikamuuliza Owen kama kuna uzito mwingine umebaki. Akatazama tumbo langu, kisha akatazama pembeni akaomba nimpitishie spana.

Vitu vyote nimeviweka sebuleni. Viti vya nyuma vimeingia vizuri chini ya dirisha. Kisanduku nimekisukuma chini yake.

Alhamisi, 11 Septemba

Chama cha Nduta kimekutana kwetu. Nilitegemea vita kuhusu viti. Wapi! Akina mama wamevisifu kuliko kochi. Adoyo, yule wa kuimba sauti ya kwanza kwenye kwaya yetu, ambaye yuko shule ya udereva na tayari ameangusha mapipa yote ya mazoezi, amefunga mkanda na kunywa chai yake akiwa amefungwa. Nduta ametangaza kwamba viti havitoki tena hapo. Kwa hiyo uzito umepungua kwa amri ya mke! Nimeshinda bila kupigana.

Matheka alikuwa akiosha gari lake la buluu chini ya dirisha langu, anapiga mluzi. Amesema, pole kwa yale ya juzi, jirani, ila wengine wana vipawa vingine. Nikauliza vipawa gani. Akasema bado hajavigundua.

Jumamosi, 13 Septemba

WAZO. Nimelipata nikinunua nyanya.

Miaka yote nimehangaika kuwa mwepesi. Kwa nini? Masharti hayasemi niwe mwepesi. Yanasema nimshinde mtu mmoja. Basi mtu huyo namleta mimi mwenyewe!

Nilikuwa kibandani Mzee Omolo alipopita kwenye gari lake jeupe, lile refu la mgongo wa sanduku. Alipita kwa muda mrefu. Kuku alivuka mbele yake, akabadili mawazo, akarudi. Mzee aliendesha treni miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu, na siku hizi huendesha kwenda kanisani na kliniki tu. Indiketa ya kuingia ploti yake huiwasha akiwa bado kwenye barabara kubwa.

Nusura nilie pale kwenye nyanya kwa furaha.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya ibada nilimshika Mzee Omolo mkono, nikamkaribisha chai. Nikamwambia kuna mkutano mzuri wa watu wanaopenda magari ya zamani, watu wenye adabu, chapati zipo. Sikutaja neno mbio hadi kikombe cha pili. Kiingilio chake nimejitolea kukilipa, kwa heshima.

Hakuuliza kuhusu mwendo. Aliuliza kama kuna ratiba. Nikasema ipo. Akauliza kama kuna watu wa ishara. Nikasema wapo, tena wenye bendera. Mzee akaweka kikombe chini. Akasema, kijana wangu, tangu nistaafu hakuna mtu amewahi kunipungia bendera. Macho yake yalikuwa na maji.

Nilihisi aibu. Kama dakika moja hivi. Kisha nikamwandikisha.

Jumatano, 17 Septemba

Mzee Omolo amekuja na daftari. Amekaa kwenye viti vya Malkia na kufunga mkanda bila kuambiwa. Ameuliza kama anaweza kuutembea uwanja kwa miguu kabla ya kuanza, aone kona. Ameuliza urefu wa kila kona. Ameuliza upepo hutoka wapi! Nimemshauri aende polepole, usalama kwanza. Amenishukuru kwa moyo wote.

Nduta alikuwa anamimina chai. Aliuliza tangu lini mimi na Mzee Omolo ni marafiki. Nikasema wazee lazima waheshimiwe. Alicheka mpaka ikabidi aweke chupa ya chai chini. Alipomsindikiza Mzee hadi langoni walisimama huko wakiongea kitambo. Mambo ya kanisa, nadhani.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimemwosha Malkia. Nimepima shinikizo la magurudumu mara tatu. Nimekula kidogo: chapati moja tu, halafu nyingine. Nimefanya mazoezi ya uso wa unyenyekevu mbele ya kioo, ule wa kusema jamani, ni bahati tu.

Jumamosi, 20 Septemba

Saa moja jioni. Nimejifungia chumbani. Nduta yuko jikoni anaimba.

Niandike kwa utaratibu. Tulifika saa mbili asubuhi. Mzee Omolo alikuwa amefika saa kumi na mbili na alikuwa amekwisha kuutembea uwanja. Alikuwa na tai. Madereva wote waliitwa hemani kuelezwa maana ya bendera. Mzee alikaa mstari wa mbele na daftari lake. Mimi sikwenda. Bendera ni bendera! Nilitumia nafasi hiyo kung'oa kiti cha abiria na kuokoa kilo kumi na nane. Kutoka hemani nilisikia makofi. Nikaambiwa Mzee ameuliza swali.

Sheria: mizunguko mitano, muda wote unajumlishwa. Magari matatu kwa pamoja, yakiachiwa kwa zamu. Nilitangulia mimi, akafuata Mzee, mwisho Matheka.

Shajara, mizunguko mitatu ya kwanza ndiyo mizuri kuliko yote maishani mwangu! Malkia alinguruma. Kona ya matairi niliingia gia ya tatu bila kufumba macho. Mzee nilikuwa nimemwacha mbali, nusu nzima ya uwanja. Nilianza hata kuvaa uso wa unyenyekevu ndani ya helmeti.

Mzunguko wa nne. Kona ya matairi tena. Mtu mwenye fulana ya reflekta ya manjano anatoka pembeni, ananitazama mimi, anapunga kitambaa.

Miguu yangu haikuniuliza. Miaka ishirini ya kuendesha Nairobi, mtu wa reflekta akipunga mkono, unasimama. Breki. Indiketa ya kushoto. Pembeni. Nikazima injini. Nikashusha kioo. Nikavua helmeti, nikatabasamu, nikasema habari ya kazi, mkubwa.

Akaniuliza ninafanya nini. Nikasema leseni ipo, mkubwa, dakika moja tu. Nikanyoosha mkono kwenye kisanduku cha dashibodi. Tundu! Nyaya! Kisanduku kiko nyumbani, chini ya viti, na leseni iko ndani yake. Jasho likanitoka. Nikaanza kueleza kwamba mimi ni mtu wa kazi, nina binti bwenini, bima imelipwa, kibandiko kile pale kwenye kioo asome mwenyewe. Yule mtu alishika kichwa kwa mikono miwili, bendera ikiwa bado mkononi. Akapiga kelele kwamba bendera ya buluu maana yake nyuma yako kuna gari lenye kasi, lipishe, si usimame! Nenda! Wewe, nenda!

Matheka akapita. Alikuwa na nafasi ya kunipungia mkono na aliitumia.

Nikawasha. Malkia akakataa. Ana joto lake akikimbia, hapendi kuzimwa katikati ya mazungumzo. Nikajaribu tena, nikambembeleza kwa majina yake yote. Ndipo nikasikia honi mbili ndefu, za mtu anayekaribia kivuko cha reli. Mzee Omolo. Mikono miwili kwenye usukani, mgongo wima, indiketa ya kulia imewashwa kwa kuwa ananipita. Akamwitikia yule mtu wa bendera kwa kichwa, kama wafanyakazi wawili wa zamu moja. Akapita. Alipita kwa muda mrefu.

Malkia aliwaka mara ya tano.

Matokeo: magari kumi na tano. Mzee Omolo wa kumi na nne. Mimi wa kumi na tano, nyuma yake kwa sekunde kumi na moja. Kwenye kona ya matairi nilikaa dakika tatu kamili. Ningeacha tu mguu mahali ulipokuwa! Mara iliyopita nilikuwa wa kumi na nne. Nimemlipia mtu kiingilio ili niwe wa kumi na tano.

Bendera ya mwisho, ile ya vipande vyeusi na vyeupe, ilipopungwa, Mzee alisimamisha gari palepale panapotakiwa, akashuka, akavua kofia. Watu walimpigia makofi. Nilipiga na mimi, sikuwa na la kufanya.

Jumapili, 21 Septemba

Nduta hakufoka. Ni vibaya zaidi. Amenipikia mayai mawili. Mkataba ni mkataba, Baba Shiku, alisema, na mwenye kumchukua Malkia atakuja saa tisa. Nikauliza amempata lini. Akasema Jumatano, langoni.

Saa tisa kamili, si dakika zaidi, mlango ukagongwa. Mzee Omolo, na tai yake.

Wamebadilishana! Gari lake jeupe la mgongo wa sanduku linabaki kwetu kwa mapazia. Malkia anakwenda kwake. Mzee alinieleza kwa upole kwamba amempenda tangu siku ile ya chai, kwamba ni chombo kizuri na kitiifu, ila kinahitaji mtu anayejua ishara. Akadai kila kilichotolewa: spea, jeki, redio, kisanduku. Akadai na viti. Chombo lazima kiwe kamili, alisema. Nduta alifikiri kidogo, kisha akamwinua Adoyo, aliyekuwa amekuja kutusalimu na alikuwa amekalia viti hivyo. Ilichukua muda kufungua mkanda.

Kwenye kisanduku nilitoa leseni yangu tu.

Malkia akatoka langoni kwa mwendo wa harusi. Indiketa ya kushoto ilikuwa inawaka tangu mlangoni petu. Nililia. Nilimwambia Nduta ni vitunguu. Akasema vitunguu viliisha Ijumaa, akanishika bega, akaniacha nilie. Matheka alitazama kutoka juu na kwa mara ya kwanza hakupiga mluzi.

Jumatatu, 22 Septemba

Sikulala vizuri, lakini nimeamka na akili safi. Tufikiri kama watu wa sayansi. Jumamosi gari jeupe lilimshinda Malkia. Hilo si maoni, limeandikwa kwenye karatasi, tena Matheka ameibandika langoni. Sasa gari jeupe ni la nani? Langu! Yaani kwa siku moja nimetoka kwenye gari linaloshindwa nikaingia kwenye gari linaloshinda, na Mzee Omolo, maskini, hana habari. Likiwa refu vile, uzito wa kutoa ni mwingi mno. Viti viwili vya nyuma vimekwisha kutoka. Vimeingia vizuri chini ya dirisha. Nduta bado yuko Muthurwa, nitamweleza akirudi.

Siku nyingine ya uwanja ni tarehe kumi na moja Oktoba. Safari hii sifanyi makosa ya kuleta mtu mwenye uzoefu. Adoyo amefaulu mtihani wa udereva, jaribio la nne, na anaweza kuazima pikapu ya kaka yake. Nimemlipia kiingilio leo mchana. Amefurahi sana. Ameuliza kitu kimoja tu, kama kuna jambo anapaswa kujifunza kuhusu zile bendera.

Nimemwambia asijisumbue. Akiona mtu wa reflekta, asimame tu, mimi nitampita.