Utulivu Kabla ya Ijumaa

Jumatatu, 12 Oktoba 1998

Nimekasirishwa na mwanamke anayetaka nisikasirike! Dalila, mjane wa Mombasa, mwenye mgahawa hapa mtaa wa Xiaobei, huku Uchina. Nimekula maharage yake tangu Mfungo Mosi nikitafuta ujasiri wa kumposa. Leo nimeposa. Hakukataa. Angekataa ningenuna, yakaisha. Amenipa sharti.

Marehemu mumewe alikuwa mtu wa kufoka. Alianguka bandarini akigombana na kuli, hakuinuka tena. Dalila kasema hawezi kuzika mume wa pili kwa maradhi yale yale. Ijumaa baada ya sala atanipeleka kwa Mzee Luo, tabibu wa Kichina anayeshika kifundo cha mkono na kusikiliza mapigo. Mzee akisema nimetulia, Dalila anampigia kaka yake simu Mombasa, mambo yaanze. Akisema sijatulia, niendelee kula maharage tu.

Nikamjibu kwa sauti ya chini kabisa kwamba mimi Abdulhadi ni mtu mtulivu. Mteja wa meza ya mbele akamwaga chai.

Ndipo akaniambia nimtazame Mutiso. Mutiso! Mkamba wa Nairobi, mnunuzi wa jinzi kama mimi, ila yeye anapunguziwa bei kwa kutabasamu tu. Kila alfajiri yuko bustanini na vikongwe wa Kichina, wanasukuma hewa. Eti ametulia mwili, akili na roho.

Vyema. Kesho mwili. Keshokutwa akili. Alhamisi roho. Ijumaa nitakuwa maji ya mtungini.

Jumanne, 13 Oktoba

Mwili. Bustani ya Yuexiu, jua halijatoka. Anayefundisha ni bibi kizee mfupi mwenye viatu vya kitambaa. Kanipanga mstari wa nyuma. Mbele kabisa nani? Mutiso, amefumba macho, anatabasamu.

Mchezo wenyewe ni wa polepole, kama unapaka chokaa ukuta usiokuwepo. Ebo! Mimi mfanyabiashara. Nilimaliza zoezi lote wenzangu wakiwa bado na mguu wa kwanza hewani. Nikasubiri nipongezwe. Bibi akanirudisha mwanzo. Nikamaliza tena, mbio zaidi. Mutiso akageuka akaninong'oneza kwamba hewa haina haraka, buda.

Nikamjibu. Sitaandika nilichomjibu, shajara hii huenda ikasomwa na wanangu. Bibi hajui Kiswahili lakini alielewa kila neno. Alinishika kiwiko akanipeleka kwenye benchi la wazee wanaocheza karata. Wakanifunga karata pia.

Mwili bado. Nauachia hapo.

Jumatano, 14 Oktoba

Akili. Akili haitulii damu chafu ikituama mgongoni. Hilo marehemu bibi yangu wa Tanga alilijua bila kufundishwa na Mchina. Dawa yake kuumikwa. Nikavaa kanzu, vazi la mtu mtulivu, nikaenda kwenye kiduka cha kuumika nyuma ya barabara ya Zhanqian.

Kwetu mwumikaji ana pembe ya ng'ombe na wembe. Anachanja, anaumika, damu nyeusi inatoka, unaiona kwa macho yako, unajua umetibiwa. Huyu kanilaza kifudifudi, akapasha glasi kwa moto, akanibandika mgongo mzima, kisha akakaa kusoma gazeti. Nikasubiri wembe. Wembe hauji! Nikamwonyesha kwa kidole, chanja hapa, chanja na hapa. Akasema mei you. Hakuna. Neno lile lile ninaloambiwa kila siku nikiomba punguzo!

Damu ikanichemka. Nikamweleza kwa Kiswahili fasaha kwamba kuumika bila damu ni sawa na kinyozi kukuvisha shuka halafu asikunyoe. Akacheka. Nikavuta kanzu yangu, nikatoka.

Barabarani watu wananipisha. Nikajua wameona ghadhabu yangu, wameogopa. Nikatanua kifua. Kumbe glasi zote bado ziko mgongoni! Nimetuna chini ya kanzu kama kobe, na nikitembea nalia kama kabati la vyombo.

Na aliyeniita kwa upole, akanificha nyuma ya marobota ya jinzi, akanibandua glasi moja moja, akazirudisha kwa mwenyewe na kuniombea radhi, ni nani? Mutiso. Wala hakucheka. Angecheka ningemsamehe.

Alhamisi, 15 Oktoba

Roho. Hapa Mutiso hanipati. Nimefunga sunna. Kutwa nzima tasbihi mkononi. Nimesema na watu kwa salamu tu. Mwenye nyumba kaja kulalamikia ndala zangu ukumbini, nikamjibu alhamdulillahi. Alirudi nyuma hatua, akaondoka bila kugeuka.

Kosa si langu, ni la futari. Mji huu unauza chai nyeusi chungu kila pembe, ya mizizi na majani, ya kupoza joto la ndani. Wachina hunywa kikombe. Lakini joto langu mimi si la kikombe. Nikaagiza birika. Nikafungua kwa tende, kisha nikalimiminia birika lote tumbo lisiloona kitu tangu daku.

Naandikia msalani. Jirani anagonga mlango kwa ngumi, anataka kuingia. Sijamtukana. Najaribu, matusi hayapandi. Roho imetulia au inatoka, moja kati ya hayo.

Ijumaa, 16 Oktoba

Lahaula wala kuwata!

Nimesali nimeegemea nguzo. Dalila akaja na mtandio wa kijani, akanisindikiza kwa Mzee Luo, maana yeye ndiye anayejua Kichina. Mzee kanishika mkono. Mimi sina nguvu hata ya kukunja uso.

Mzee akasema. Dalila akatafsiri: mapigo ni laini, ya mtu aliyetua mzigo. Nimetulia! Akafunika uso kwa mtandio. Akaniambia wiki nzima hakulala kwa hofu, kwa kuwa alitaka jibu liwe ndiyo. Alitaka! Mimi! Machozi yalinilenga, naandika bila haya. Tayari alikuwa ameshatoa kadi ya simu kwenye mkoba.

Mzee Luo akaongeza neno, akicheka. Nikauliza kasemaje. Dalila akasema si kitu, twende tukapige simu. Nikamng'ang'ania. Basi akasema: katika wageni wenzetu wote aliowahi kuwapima, huu ni mkono wa pili kwa utulivu. Wa kwanza ni wa Mutiso, huja kutibiwa kiuno.

Wa pili.

Dalila akawahi kunikumbusha kwamba Mutiso ana mkewe, Muthoni, hamposi mtu, na hapa hakuna mashindano. Najua. Lakini wa pili! Mimi niliyefunga, niliyeumikwa, niliyemalizikia msalani! Nikamtaka mzee apime upya. Akakataa kwa adabu. Nikadai Mutiso aitwe sasa hivi, tupimwe mkono kwa mkono mbele ya mashahidi. Kikombe cha mzee kikaanguka. Kilikuwa karibu na ngumi yangu, lakini sikukikusudia. Mzee akaudaka mkono wangu hewani, akausikiliza, akatikisa kichwa. Dalila hakutafsiri.

Akarudisha kadi mkobani. Alikuwa analia. Akasema marehemu naye alianza hivyo hivyo, kwa jambo dogo. Kisha akarudi zake mgahawani, jikoni.

Jumamosi, 17 Oktoba

Dalila kaniletea maharage mwenyewe. Hakuketi. Kasema nile kabla hayajapoa, akaondoka. Chumvi ilipungua. Sikulalamika. Nililalamika kidogo.

Akaja Mutiso kunipa pole. Eti yuko tayari kumwendea Mzee Luo amwombe aniachie mimi nafasi ya kwanza. Aniachie! Nipewe utulivu kwa hisani ya Mutiso! Nikamfukuza mezani. Akaenda, taratibu, akinitakia siku njema. Jikoni Dalila akasema kwa sauti, nisikie, kwamba hasira hasara. Nikamjibu naijua hiyo methali, asinifundishe.

Asubuhi yote nimetafakari, na kosa langu nimeliona. Nilitulia kwa ajili ya Dalila, ndiyo maana nikawa wa pili. Mwanamke hana uwezo wa kumtuliza mtu kiasi hicho. Sasa natulia kwa ajili ya Mutiso. Jumatatu nafunga tena, bustanini nasimama mstari wa mbele hata kwa kumsukuma bibi, na ile chai naagiza ndoo.

Nitatulia mpaka akome.