Goti la Ndama Lililookoa Darasa la Msimbazi

Sogeeni, enyi wana wa Kariakoo, wenye kuuza na wenye kukosa cha kununua! Wekeni chini mizani na umbea, msikie habari za Tarsis fundi seremala, simba wa randa, aliyeingia vitani na kikapu kitupu. Asiyetaka kusikia na aende zake, ila kesho asije kuniuliza.

Katika zama zile za Ujamaa, nchi ilipoutangazia ujinga vita, watu wazima walisoma alasiri barazani kwa Mwalimu Angelina, mtaa wa Msimbazi. Tarsis, mtu wa makamo, alikwisha kujua kuandika jina lake, naye aliliandika popote palipokubali chaki. Ndipo asubuhi moja ikaja habari ya kutisha: mkaguzi anakuja leo, na darasa lisilo na somo la vitendo litafungwa, baraza ligeuzwe ghala la unga. Tarsis akakiona kidole gumba chake kinarudi kwenye wino, akaogopa kweli kweli.

"Tutasoma mfupa unavyokua," akasema mwalimu. "Nitafutieni goti la ndama, lenye gegedu bado, ile sehemu laini isiyogeuka mfupa. La ng'ombe mzee halifai, limekwisha kuwa mfupa."

Shujaa akakimbilia buchani, akaweka jiwe lake kwenye foleni kama ilivyokuwa desturi, jiwe lisimame badala yake, naye akaenda kupiga randa. Lahaula! Filbert, balozi wa nyumba kumi, akitaka mtaa ung'ae machoni pa mkaguzi, alishika ufagio akayafagilia mawe yote mtaroni. Tarsis aliporudi alikuta umati, kila mmoja anaapa kwamba yeye ndiye wa kwanza. Bi Mgeni muuza supu peke yake, asiyeamini mawe, alikuwa amesimama kwa miguu yake, na goti pekee la ndama lilikuwa kikapuni mwake.

"Shikamoo, Bi Mgeni," akanena Tarsis. "Ewe malkia wa masufuria, niazime goti hilo, liwe silaha ya taifa."

"Marahaba. Taifa halijanilipa supu ya juzi. Gegedu ndilo wateja wangu wanaloligombania, nikupe wewe ukalitazame?"

"Kulitazama tu, bibi. Wakifunga darasa, mimi narudi kutia dole."

Bi Mgeni akafunika kikapu chake. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kutia dole.

"Nitakuja nalo mwenyewe," akasema, "na nitaondoka nalo mwenyewe."

Alasiri, mbele ya mkaguzi, Tarsis akaliweka goti mezani, akalipasua kwa msumeno uliokata milango ya nusu ya Buguruni. Huku gegedu jeupe, huku mfupa mwekundu. Mkaguzi akamnyooshea kidole.

"Ndugu, tueleze."

"Ndugu mkaguzi, hapa pana foleni," akasema Tarsis, akikumbuka alivyoelezwa na mwalimu mchana ule. "Chembe hai za gegedu, zisizoonekana kwa macho, zimejipanga mstari. Za nyuma ni ndogo na zinazidi kuongezeka. Za mbele zimevimba, na nyingi zinafia hapo hapo. Kisha mishipa ya damu inapenya, inakuja na chembe changa ambazo hazijawa mafundi wa chochote. Zikifika humu ndipo zinapokomaa, zinakuwa mafundi wa mfupa, zinajenga juu ya mabaki ya zile zilizongoja. Ndivyo mguu unavyorefuka."

"Na zilizongoja zinapata nini?"

"Zinajengewa juu yake, ndugu."

Balozi Filbert akakohoa. Mkaguzi, ambaye jana yake alisimama foleni ya sukari mpaka sukari ikaisha, akaliinamia goti.

"Ni kweli kabisa," akasema taratibu. "Darasa liendelee."

Vigelegele vikasikika hadi Kivukoni, na anayebisha hakuwepo. Bi Mgeni akachukua goti lake, na jioni mkaguzi akanywa bakuli mbili za supu, akalitafuna gegedu, foleni na mafundi wake pamoja. Hivyo ndivyo ufalme wa baraza ulivyookolewa, na historia iandike.

Kesho yake Tarsis alikuta jiwe limewekwa mlangoni pa darasa, limefutwa vumbi, linanukia supu. Filbert alikuwa ameshainua ufagio.

"Liache hilo, balozi," akasema Tarsis. "Ni la Bi Mgeni."